Msumari wa Darasa la Tano

Darasani kwangu, Katuba, juu ya ubao,
kuna msumari mmoja wa inchi nne.
Aliupigilia baba yangu, Anselme Lumbwe,
seremala wa mapadri,
enzi ambazo bomba la moshi la kiwanda
lilikuwa bado linaamsha mtaa mzima.

Kwanza alitundika msalaba.
Wa mninga, kauchonga mwenyewe,
akaupaka mafuta hadi mbavu za Mwana zikang'aa.

Kisha ikaja barua yenye mhuri wa Chama:
shusheni hicho, wekeni picha ya Kiongozi.
Na wewe Anselme, kuanzia leo si Anselme.
Baba akapanda ngazi, hakubishana.
Akashusha kimoja, akapandisha kingine.
Msumari haukuulizwa.
Nyumbani mama aliendelea kumwita Anselme,
kwa sauti ya chini,
kama mtu anayeficha unga.

Leo nafundisha hapo. Somo: Ulaya.
Nawasimulia mfalme aliyesimama peku
siku tatu kwenye theluji, nje ya lango la Papa,
akiomba afunguliwe laana.
"Madamu, theluji ni nini?"
Nasema: zile asubuhi za mwezi wa saba
mnapokuta majani ya njia ya Kasapa yamevaa chumvi,
kanyageni hayo bila viatu, siku tatu,
huku mkijua kwamba jeshi ni lenu.
Wananyamaza.

Nawasimulia mfalme mwingine,
aliyetaka mke mpya akanyimwa ruhusa,
basi akajifanya mwenyewe mkuu wa kanisa.
Darasa linacheka. Hii wanaielewa upesi.
Nawasimulia waliobatizwa wakiwachoma waliobatizwa,
mpaka wakuu wakachoka, wakapatana:
dini ya mwenye nchi ndiyo dini ya nchi.
Na yule aliyemwita Papa toka Roma amvike taji,
halafu akalinyakua, akajivika,
Papa kaketi tu,
kama mgeni wa harusi aliyerukwa na sahani.

Naandika kwa chaki: KANISA. SERIKALI.
Kati yake napiga mstari.
Mstari huu, nasema, huko uligharimu vichwa.
Huku haukufika.
Waliotenganisha vyumba kwao
kwetu walishusha kila kitu katika sanduku moja,
padri, hakimu, karani wa kampuni,
wakila meza moja, wakipokezana pilipili,
na babu zetu wakisimama nje na mafaili ya kazi
na kadi za ubatizo, wasijue ipi waonyeshe kwanza.

Numbi, wa dawati la nyuma, ananyoosha mkono.
"Madamu, sasa nani alishinda?"

Mtihani wa Taifa hauulizi hivyo.
Nageukia ukuta.
Jua likichungulia kati ya mvua mbili
utaziona alama: msalaba, na mstatili wa fremu,
rangi iliyokataa kuchujuka pale ilipofunikwa.
Nimezitazama miaka kumi na tisa.
Sijui bado ipi iko juu ya mwenzake.

Jumapili iliyopita mgombea alikaa benchi la kwanza.
Alileta saruji, mifuko mia mbili.
Padri akasoma barua ya maaskofu,
yote, hakuruka hata mistari inayouma.
Mgombea akasema Amina, tena kwa nguvu.
Saruji ilibaki mlangoni, hakuna wa kuipokea,
hakuna wa kuirudisha.
Usiku ikanyeshewa, ikawa jiwe,
na juu ya jiwe hilo
watoto wa katekisimu sasa wanakaa wakila karanga.

Baba, kabla hajafa, aliniambia jambo moja tu la siasa:
ule msumari niliupigilia mno,
ukiung'oa, utatoka na ukuta.

Leo umebeba mwavuli wangu.
Unadondosha maji kwenye neno la pili.
Kengele haijalia,
na Numbi hajashusha mkono.